Hodi ya Jirani

Katika vijiji vya Muleba nyumba hazionani. Kila mji umejificha ndani ya kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni, na mgeni anayepita barabarani anaweza kudhani amekatiza msitu usio na watu. Lakini migomba haizuii sauti. Usiku jirani wa nyumba ya tatu akikohoa unamjua ni nani, na enduru, lile yowe la kuomba msaada, ikipigwa inafika mwisho wa kitongoji kabla mpigaji hajavuta pumzi ya pili.

Nimekulia humo, na tangu utotoni nilijua kuwa enduru ina masharti yake. Ukiisikia unatoka. Uwe una homa, uwe mmenuniana na mwenye nyumba, unatoka na panga, na fimbo, au mikono mitupu. Nyumba inaungua, mwizi kaingia zizini, mtoto katumbukia shimoni: wanaume walikimbia gizani bila kuuliza. Asiyetoka aliulizwa asubuhi, na aliyezoea kutotoka alianza kutazamwa kama mshirika wa wezi.

Enduru moja tu ilikuwa na msamaha: ya mwanamke anayepigwa na mumewe. Hiyo watu waliisikia, wakaitambua, wakavuta shuka. Walikuwa na methali ya kujifichia, ile ya ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nao wakaipanua mpaka ikaingia chumbani mwa wanandoa. Kesho yake mama yule alionekana kisimani amejitanda kanga mpaka machoni, na wenzake wakampa pole bila kutaja ni pole ya nini.

Nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria kwa miaka mingi kati ya Muleba na Bukoba mjini, na kama kuna jambo ninalolisema bila kusitasita ni hili: kwetu ukatili dhidi ya wanawake haukukosa sheria, wala haukukosa mashahidi. Ulikosa jirani wa kufika mlangoni. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulikuta kuwa nchini wanawake wanne kati ya kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Idadi hiyo haiwezi kufichika mahali ambapo kikohozi kinasikika nyumba ya tatu. Na sheria ilikuwepo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Nilikuwa nikiisoma kwenye mikutano ya vijiji. Wapo waliocheka, wapo walioomba niirudie, na mzee mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama sheria hiyo imeshafika Muleba au bado iko njiani kutoka Dodoma.

Nilimjibu kwamba nyingine zimetoka Muleba kwenda Dodoma. Alidhani namtania.

Chukua Kashasha, hapahapa Muleba. Inajulikana ulimwenguni kwa kicheko. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka na kulia bila kujizuia, wakaambukizana, shule ikafungwa mwezi Machi, na madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala kijidudu. Wageni wakitutembelea huuliza habari hiyo, na sisi huisimulia kwa fahari kidogo, ingawa ukiitafakari ni habari ya wasichana waliokuwa na jambo zito vifuani mwao na hawakuwa na namna nyingine ya kulitoa. Mimi Kashasha naijua zaidi kwa mahakama yake ya mwanzo.

Hapo ndipo ilipoanzia kesi ya Holaria Pastory. Baba yake alimrithisha shamba la ukoo kwa wosia halali. Holaria akazeeka, hana wa kumtunza, na tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri mauzo yabatilishwe. Aliegemea tangazo la sheria za mila la 1963, lililosema kuwa mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo muda wa maisha yake lakini hawezi kuiuza. Kashasha ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikamkatalia. Rufaa ikaenda Mahakama Kuu, Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kuwa mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale anayouzia mwanamume. Alitazama haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, akatazama mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia, kisha akaitumia sheria namba 16 ya 1984 inayowaruhusu majaji kuzisoma sheria kongwe kwa marekebisho ili zilingane na Katiba. Hukumu hiyo inafundishwa katika vyuo vya sheria mpaka nje ya Afrika.

Wanasheria huisoma kama ushindi wa Katiba, na wana haki. Mimi kila nikiifungua nakwama kwenye sababu ya kuuza: mwanamke mzee, hana wa kumtunza. Nimewaona wengi wa namna yake. Siku ya kuuza shamba mwanamke ni mtu wa ukoo, lazima ukoo usikilizwe. Siku ya kumpelekea uji, ukoo una shughuli.

Wakati hukumu hiyo inatoka, Kagera ilikuwa inazika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo matanga yalifuatana mpaka watu wakawa wanaulizana kesho tunazika wapi. Nyuma ya kila jeneza la mwanamume kulikuwa na kikao cha ukoo. Kimoja kimenikaa. Nyasi zimetandikwa chini, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka karibu na mlango wa nyuma. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaandika kwenye kaunta buku mali ya marehemu kadiri inavyotajwa: kibanja, mibuni, mbuzi, baiskeli, redio, mabati ambayo hayajaezekwa. Yakatajwa madeni. Wakatajwa watoto, nani aende kwa nani. Mwandishi alipofunga kitabu, mjane, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akauliza: "Waitu, na mimi mmeniandika ukurasa gani?"

Hakuna aliyecheka. Shemeji yake mkubwa akasema atatunzwa na wanawe. Mwanawe mkubwa alikuwa darasa la tatu.

Shemeji hakuwa amebuni neno lake. Matangazo ya sheria za mila ya 1963 yanamweka mjane pembeni ya urithi iwapo wapo ndugu wa marehemu, na fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Binti naye anawekwa daraja la tatu la warithi, hata kama ndiye mkubwa kwa umri. Ukimya wa mabenchi yale ulikuwa na karatasi ya serikali nyuma yake.

Watu wa semina hupenda kutenganisha mambo haya: leo tunazungumzia vipigo, kesho tutazungumzia ardhi. Mwanamke wa Muleba hana kesho hiyo. Anayepigwa huvumilia kwa sababu ana hesabu kichwani. Akitoka, kibanja si chake. Akirudi kwao, kaka zake walishagawana na wake zao wanamwita mgeni. Mjini Bukoba atapanga chumba Rwamishenye, auze ndizi za kuchoma, na watoto wabaki kwa baba. Akipiga hesabu hiyo usiku na ngumi upande mwingine, mara nyingi ngumi inaonekana nafuu. Ndiyo maana wake waliokuwa na shamba la jina lao, hata robo eka ya kununua kwa hela za vikoba, walikuwa na sauti tofauti barazani. Nimeliona mara nyingi mno kulitilia shaka.

Na fedha. Kahawa ni ya mwanamume kwa desturi, ingawa palizi na kuchuma mke anashiriki, na yeye ndiye anayeanika. Mwaka 1994 Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba ambaye baadaye aliongoza UN-Habitat, alichapisha utafiti wa mashamba madogo ya migomba na kahawa ya Kagera. Alikokotoa kuwa kama ule ukuta kati ya kazi za kike na za kiume ungelegezwa, kipato cha fedha cha kaya kingeweza kupanda hadi asilimia 10. Kwa maneno mengine tunalipia ubabe, tena taslimu. Nami ningeongeza butura kwenye hesabu hiyo. Mume anauza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha mkononi. Miezi inapita, mke anapalilia mibuni ambayo si yao tena. Siku ya mavuno mwenye butura anakuja na magunia, mke anauliza ada ya shule iko wapi, na kwa swali hilo moja usiku huo kuna enduru. Malalamiko mengi yaliyonifikia kati ya Mei na Agosti yalikuwa na butura ndani yake, hata pale yalipoandikwa "ugomvi wa kifamilia".

Mabadiliko niliyoyashuhudia yalianzia kwenye kikundi cha kuzikana. Kwetu mtu anaweza kukosana na kanisa, na chama, hata na mtendaji wa kijiji, akaishi. Akikosana na kikundi cha kuzikana ameumia, kwa sababu hakuna anayejibebea jeneza. Akina mama wa kikundi kimoja walikuwa wamechoka kuchangia rambirambi za mwenzao ambaye kila mmoja wao alikuwa amemsikia akilia miaka yote. Walimzika, wakarudi, na kwenye kikao kilichofuata wakasema hawatoi senti mpaka jambo hili liandikwe kwenye katiba ya kikundi. Wanaume wakapinga. Wakabishana mpaka giza likaingia. Kilichoandikwa mwishowe kilikuwa kifupi: enduru ni enduru. Yeyote anayeisikia, nyumba yoyote, anatoka, na asiyetoka anatozwa kama asiyetoka kwenye msiba.

Walipotaka kujua wakifika mlangoni waseme nini, jibu lilitoka kwa katekista mstaafu, mzee wa kanzu asiyependa makelele. Tusiende kumkamata mtu, alisema, twende kuomba kitu. Hakuna Mhaya atakayemfukuza mwenye shida usiku.

Usiku mmoja nilikuwa nimelala kwa mwenyeji wangu kijijini hapo. Enduru ilipigwa baada ya watu kulala. Tulitoka, akina mama na yule katekista mwenye tochi. Ndani kulikuwa na kishindo na sauti ya mtoto. Mzee akasimama mlangoni, akakohoa, akaita: "Hodi! Waitu, tunaomba kiberiti." Kimya. Akarudia. Mwanamume akafungua, kifua wazi, anahema. "Kiberiti saa hizi?" Mzee akasema ndiyo, kuna mgonjwa, tunachemsha maji. Yule bwana akageuka kutafuta kiberiti, na mlango ukabaki wazi. Kwa nafasi hiyo mama mmoja akaingia moja kwa moja jikoni kama anayekwenda kumsalimia shoga yake, akatoka na mke na watoto. Kiberiti kikaletwa. Mzee akakipokea, akashukuru, kisha akaketi kwenye benchi la barazani akaanza kuuliza habari za kahawa: mwaka huu imezaaje, chama kinalipa lini. Mwenye nyumba hakuwa na la kufanya ila kujibu. Walikaa hapo wawili mpaka pombe ilipomtoka kichwani. Asubuhi mwenyekiti wa kitongoji alikuja na kesi ikaandikwa, maana hodi haikuwa mbadala wa polisi. Ilikuwa njia ya kufika asubuhi mke akiwa hai.

Sijaona semina iliyofanya kazi ya benchi lile. Wenzetu wengine waligundua jambo linalofanana nalo bila kutujua. India mwaka 2008 ilianza kampeni ya Bell Bajao, iliyowahimiza majirani, hasa wanaume, wakisikia kipigo wapige kengele ya mlango na kuomba chochote, hata maziwa. Na hapa karibu, Kampala, mbinu ya SASA! ya shirika la Raising Voices ilipimwa kati ya 2007 na 2012 katika jamii nane, nne zikiwa zimeanza kuitumia na nne zikisubiri. Haikuwa kazi ya wataalamu kupanda jukwaani. Watu wa mtaa wenyewe walizungumza na wenzao sokoni, kwenye pombe, kwenye bodaboda, mwaka baada ya mwaka, kuhusu nani ana nguvu juu ya nani na anaitumiaje. Matokeo yalichapishwa 2014: wanawake wa maeneo yaliyofikiwa walipigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 52 kikilinganishwa na maeneo mengine. Ninaipenda takwimu hiyo kwa sababu ya neno "mwaka baada ya mwaka". Wafadhili wetu wengi huomba ripoti ya miezi sita.

Tuna pia Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba. Aliyepanga tarehe hizo hakuijua Kagera. Huo ni msimu wa senene. Mgeni rasmi anahutubia viti vitupu huku nusu ya kata iko kwenye mitego ya mabati na taa, na nusu nyingine iko nyumbani inachambua mabawa na miguu. Zamani wanawake ndio waliowashika, wakawachambua, wakawakaanga, nao walikatazwa kuwala: walikuwa mboga ya wanaume. Siku hizi mama anauza kopo kwa bei nzuri na anatafuna akiuza, na hakuna mkutano wala fulana iliyoleta hilo. Mwiko ulikufa wenyewe pale wanawake walipoanza kuwala mbele ya watu bila kupatwa na lolote. Napenda kuwakumbusha jambo hilo wazee wanaoniambia mila haibadiliki.

Wanaume waliotupa shida zaidi hawakuwa wapigaji. Mpigaji anajijua. Shida ilikuwa wale wapole, wasiowahi kuinua mkono, ambao waliona kuwa upole wao umemaliza wajibu wao. Mwalimu mmoja alinieleza kwa ukali kwamba tunavunja ndoa za watu. Nilimuuliza amewahi kusikia nini kutoka nyumba ya pili. Akasema amesikia kila kitu, ndiyo maana hulala na redio. Baadaye aliingia kwenye kamati. Sijui kama ni swali langu au ni mkewe aliyemwambia.

Hodi nayo ina mpaka wake, na hapa sina upole. Kuna makosa ambayo jirani haendi kupatanisha. Msichana akibakwa, wazee wa pande mbili wanakaa, fedha au ng'ombe anahama zizi moja kwenda jingine, na kesi inafika mahakamani haina shahidi. Kwetu wanaita kumalizana kinyumbani. Kanuni ya Adhabu inampa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30, na kifungo cha maisha kama mtoto ana umri chini ya miaka kumi. Sheria inaweka uzito huo, sisi tunaubadilisha kwa ndama. Nimewahi kukaa kwenye benchi la mahakama siku ambayo mama wa mtoto aliapa kuwa hamfahamu mshtakiwa, huku mshtakiwa akiwa jirani yake wa mpaka mmoja. Hakimu alinyamaza muda mrefu, kisha akaandika alichopaswa kuandika. Kikundi chochote kinachojisifu kwa kusuluhisha kesi nyingi, ulizeni kwanza ni kesi gani.

Kisha wapo wasioweza kupiga enduru kabisa, au ambao enduru yao haihesabiwi. Kwenye kijiji kimoja cha Kamachumu kulikuwa na mama kiziwi. Alipigwa kwa ukimya, na sisi tukasifiwa kwamba sehemu ile imetulia. Aliyetuamsha ni binti yake wa darasa la tano, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wake sokoni, kanisani na zahanati. Fikiria mtoto akitafsiri kwa askari jinsi baba yake alivyompiga mama yake. Kikundi kilimtafutia mwalimu wa lugha ya alama kutoka mjini kwa ajili ya siku ya maelezo, na toka hapo wakakubaliana kuwa nyumba ya mtu asiyeweza kuita inapitiwa jioni, bila kusubiri sauti. Ujumuishi, neno linalopendwa na ripoti, nililiona likitendwa hapo: ratiba ya nani anapita kwa nani, imebandikwa ukutani kwa mwenyekiti.

Bibi wengi walioachiwa wajukuu na UKIMWI nao walikuwa hawasikiki. Bibi akivamiwa shamba na mtoto wa shemeji yake atapiga kelele, na watakaouliza wataambiwa amezeeka. Nshamba, ndani ya Muleba hiyohiyo, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee, wengi wao bibi wanaolea yatima, pensheni ndogo ya kila mwezi. Fedha yenyewe ni ya chumvi, sabuni na daftari. Lakini bibi mwenye kipato kinachojulikana tarehe yake ana wageni, na mwenye wageni ana mashahidi.

Tarehe 30 Mei 2024, hukohuko Kamachumu, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao. Mabaki ya mwili wake yalipatikana tarehe 17 Juni. Mwezi huohuo watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba. Nchi nzima ililia, viongozi walikuja, na baada ya mazishi familia zenye watoto wa namna hiyo zilibaki na swali lilelile la usiku: tukiita, nani atatoka? Sijaona sababu ya kuliweka jambo hili kwenye faili tofauti na la wake wanaopigwa. Mama wa mtoto mwenye ualbino mara nyingi amekimbiwa na mume siku ya kujifungua, amesemwa na mawifi, na anaishi pembezoni mwa kitongoji. Kumlinda mtoto wake ni kuisogeza nyumba hiyo karibu na nyingine, kwa miguu ya watu, kila jioni.

Na visiwani? Muleba ina visiwa vingi vya wavuvi ndani ya Ziwa Viktoria: Bumbire, Ikuza, Goziba na vingine. Mwanamke aliyebakwa kisiwani anahitaji dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya saa 72, na anahitaji fomu ya polisi, PF3. Ziwa likichafuka, saa zinakwisha akiwa ameketi mwaloni anatazama mawimbi, na mara nyingine mwenye mtumbwi pekee unaovuka siku hiyo ni rafiki wa aliyemtendea. Hodi ya jirani haivuki maji. Hapo ndipo ninapowageukia madiwani wetu. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zimeundwa kwa mpango wa taifa tangu 2017, zina wajumbe na mihuri, na nyingi hazina hata nauli. Wekeni mafuta ya boti kwenye bajeti ya halmashauri, yaandikwe kwa jina lake, yasichanganywe na "uhamasishaji".

Kwa wanaume wenzetu wa Kagera nina ombi dogo ambalo halihitaji bajeti: andika wosia ukiwa mzima. Kwa utaratibu wa sheria za mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mke awepo. Ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, inapokea na kutunza wosia. Mtaje mkeo kwa jina na mtaje binti zako kwa majina, na uonyeshe mipaka ya kibanja, mgomba gani mpaka mbuni gani, ili siku ya kaunta buku asiwepo wa kuuliza ameandikwa ukurasa gani.

Na wewe jirani, ukisikia, toka. Mchukue mwenzako, usiende peke yako, kaombe kiberiti. Asubuhi msindikize mwenye shida mpaka dawati la jinsia na watoto la polisi, ukae naye mpaka maelezo yake yaandikwe. Ikiwa anayelia ni mtoto, piga 116. Simu hiyo haina malipo.